Gari Lililolia Kama Kanga

Tangazo lilisomwa redioni saa mbili asubuhi, siku ya Jumapili, mwezi wa Agosti mwaka 1980. Msomaji alitaja jina langu, Vitalis Gaudens wa Kariakoo, akasema baba yangu ni mgonjwa sana na ninatakiwa kijijini upesi. Mke wangu Scholastika alikuwa akipepeta mchele. Aliweka ungo chini, akaenda kunitolea shati.

Baba alikuwa akiishi ng'ambo ya Chalinze, katika kijiji cha ujamaa pamoja na wazee wenzake walioacha kazi kwenye mashamba ya mkonge. Basi la huko lilikwisha kuondoka alfajiri, na lingine lingeondoka kesho yake. Magari ya watu binafsi yaliruhusiwa barabarani mpaka saa nane mchana tu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Jumapili miaka ile ya shida ya petroli. Kwa hiyo nilikuwa na saa sita.

Kabla ya kutoka nilifungua kopo ninamotunza barua za Baba, nikachukua moja, nikaitia ndani ya kitabu changu cha sala.

Barua hiyo aliiandika mwaka 1969, kabla macho yake hayajafa. Wakati huo mimi sikujua kusoma. Nilikuwa hamali sokoni, nabeba magunia, na barua zangu zote alinisomea jirani yangu Nassibu. Baba aliandika hivi: "Siku ile nilipokupiga kwa mpini wa jembe hata ukakimbia shule, kosa lilikuwa langu. Nijibu kama umenisamehe." Nassibu alipofika hapo alishusha sauti, kisha akaniuliza kama aniandikie jibu. Nikamwambia aache. Jambo kama hilo humwambii mtu mwingine akuandikie. Niliapa kwamba nitamjibu Baba mimi mwenyewe siku nitakayojua kusoma na kuandika, na kila jioni nilimwomba Mungu anifikishe siku hiyo.

Miaka ikapita. Nilianza darasa la jioni nikiwa na miaka arobaini na mitatu, nimekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamenifika kidevuni. Pasaka ya mwaka ule wa 1980 Nassibu alinipeleka kwa Baba kwa gari lake. Baba alikuwa kipofu kabisa. Akaniuliza, "Ile barua umeisoma?"

"Bado, Baba. Nikimaliza darasa nitakuja kukusomea, na jibu nitakupa papo hapo."

Akacheka. "Haya. Nitakusubiri."

Ningeweza kumwambia neno moja tu siku ile, nikaondoka. Lakini nilitaka kwanza ajue kwamba nimesoma. Mwezi Julai nilifaulu mtihani, nikasema nitakwenda mwisho wa Agosti.

Gari la Nassibu lilikuwa Peugeot ya zamani, na tangu Pasaka mkanda wake wa feni ulikuwa ukipiga kelele. Baba alilisikia likija tangu kwenye kona ya mbali. Alisema, "Gari la rafiki yako linalia kama kanga porini. Nikimsikia tena ndege huyo, nitajua mmefika."

Nilimkuta Nassibu barazani kwake akinywa chai. Yeye ni Mmwera wa Nachingwea, mimi Mngoni wa Songea, na sisi ni watani.

"Mtani, naomba gari."

"Babu zako walikuja kwetu kuteka wake za babu zangu," alisema bila kuinua uso. "Leo wewe umekuja kuteka gari langu." Kisha akaniona, akaweka kikombe chini. "Kuna nini?"

Nikamwambia.

"Petroli ipo nusu tangi," alisema, akaingia ndani kuchukua ufunguo.

Alipowasha, mkanda ulipiga ukelele hata mama mmoja wa nyumba ya pili akatoka na mwiko mkononi. Tukaona hatuwezi kwenda Chalinze hivyo. Tukaenda kwanza Gerezani, nyumbani kwa fundi Kasmir, tukamkuta na msuli akisugua meno.

Kasmir alifunua boneti, akaubonyeza mkanda kwa dole gumba. Ukabonyea kama tumbo la mtu mwenye njaa.

"Huu umekwisha. Tazama, unang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Haushiki puli, hili gurudumu lake, unateleza. Ndiyo maana unalia."

"Ukaze," alisema Nassibu.

"Nimeshaukaza mwezi uliopita, na mwezi mwingine kabla ya huo. Hapa boliti imefika mwisho wa njia yake."

"Basi tutie mpya."

"Mpya!" Kasmir alitema povu la dawa ya meno. "Ndugu yangu, wewe unaishi Tanzania ipi? Nenda kamjaribu Eliakimu."

Eliakimu alikuwa na duka la vipuri upande wa Msimbazi. Tulimkuta na tai shingoni, anakwenda kanisani na familia yake.

"Mikanda ninayo," alisema. "Ya suruali." Nilipomweleza habari ya Baba aliona haya, akawatanguliza watoto, akatufungulia duka. Rafu zilikuwa tupu. Palikuwa na makopo mawili ya rangi, na mkanda mmoja ukutani, wa trekta. Ungeweza kuifunga Peugeot nzima kama mzigo. Eliakimu alituonyesha hata chini ya meza, ili tusimdhanie kuwa ameficha.

Tukarudi kwa Kasmir. Saa nne ilikuwa imekwisha pita.

"Basi nendeni na huo huo," alisema. "Mwendo wa polepole. Na sikilizeni: uacheni ulie. Ukilia, mjue bado unajitahidi kushika. Siku utakayonyamaza ndipo muogope."

Nilimsikia vizuri. Hata leo naweza kurudia maneno yake yote.

Tulipita Magomeni watu wakitugeukia. Nassibu alikuwa na wasiwasi juu ya kizuizi cha Kibaha. "Askari akiusikia ukelele huu atasema gari bovu," alisema. "Ataturudisha mjini, au atatuweka pale mpaka saa nane ipite."

Nikakumbuka sabuni. Scholastika alikuwa amenitilia kwenye mfuko kipande cha sabuni ya mche, cha kumwogeshea Baba. Siku zile kipande kama kile ulikipata kwa kupanga foleni nusu siku, na hicho ndicho kilikuwa cha mwisho nyumbani. Nilipata kuwaona madereva sokoni wakipaka sabuni mkanda unaolia.

Nikamwambia Nassibu asimame Ubungo.

"Kasmir amesema uachwe," alisema.

"Na tukirudishwa Kibaha? Baba ananisubiri."

Akaegesha kando ya barabara. Nikafunua boneti, nikalowesha sabuni kwa maji ya kunywa, nikaisugua ndani ya mkanda, upande unaogusa puli, mpaka ikabaki kama ukucha. Nikafanya ishara ya msalaba. Nikasali kwa sauti, "Bwana, unyamazishe."

Nassibu akawasha. Gari likanguruma taratibu, bila ukelele wowote.

"Mtani," alisema Nassibu, "Mungu wako leo yuko karibu."

Mimi machozi yalinitoka. Niliimba tangu Ubungo mpaka Kibaha. Askari wa kizuizi alitutazama mara moja, akatupungia mkono tupite. Nikafungua kitabu cha sala, nikaisoma tena ile barua kimoyomoyo, nisije nikakwama mbele ya Baba.

Tulipita Mlandizi. Karibu na Vigwaza nikasikia harufu kama ya kitambaa kilichoungua kwa pasi, na Nassibu akasema "Mama yangu!" Mshale wa joto ulikuwa umefika mwisho. Mvuke ukatoka chini ya boneti, ukaziba kioo chote.

Tulisubiri ukapungua, tukafunua boneti injini bado inawaka, tukaona. Feni ilikuwa haizunguki. Puli ilikuwa ikizunguka peke yake ndani ya mkanda uliojaa sabuni, na mkanda ulikuwa umeungua umekuwa mgumu kama ngozi ya ngoma. Tulikuwa tumekwenda hivyo kwa maili nyingi na hatukujua, kwa sababu haukuwa na sauti ya kutuambia.

Nilivua shati, nikaufuta. Nikausugua kwa mchanga. Tulikwenda kwa dakika mbili, ukakatika.

Ilikuwa saa sita na nusu. Kando ya barabara palikuwa na mtu anayeuza mkaa, magunia yake yamefungwa kwa kamba za katani. Nikamwomba kamba. Mimi ni hamali, najua mafundo, na nimekulia kwenye mkonge. Niliisuka ya nyuzi tatu, nikaifunga kuzunguka puli, nikakaza kwa meno. Tukaenda kama maili moja, ikaungua. Nikasuka nyingine, ikafika nusu ya hapo. Ya tatu ilikatika kabla hatujaingiza gia. Kila nilipokaza fundo nilisali. Mwisho sikujua tena kama nasali au nahesabu nyuzi.

Lori moja la mizigo lilipita bila kusimama. Halafu saa nane ikafika. Magari yakapungua, kisha hayakuwapo kabisa. Tulisikia panzi kwenye majani.

"Nisamehe, mtani," alisema Nassibu. "Gari ni langu."

"Sabuni ni yangu," nilimwambia.

Yeye alibaki kulinda gari. Mimi nikaenda kwa miguu.

Nilifika kijijini Jumatatu asubuhi, viatu nimevishika mkononi. Shangazi Josepha, dada yake Baba, alikuwa mlangoni, na watu wamekaa kwenye mikeka nje. Sikuhitaji kuuliza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akanishika mikono yote miwili. "Jana, saa kumi na moja jioni. Mchana wote alikuwa na akili yake. Alikataa tumgeuzie ukutani, alitaka sikio lielekee barabarani. Kila mara aliuliza, 'Kanga hajalia?' Tunamwambia bado. Anatega sikio, anauliza tena. Huyo kanga ni nani, Vitalis?"



Waliniacha niingie peke yangu. Baba alikuwa ameshafunikwa shuka nyeupe. Nilipiga magoti, nikatoa barua, nikaisoma tangu mwanzo, tarehe na salamu zote, bila kukosea hata neno moja. Mwalimu wangu angefurahi. Nilipofika kwenye maneno "nijibu kama umenisamehe", jibu nililolitunza miaka kumi na mmoja halikutoka. Nilijikuta nikisema, "Nisamehe wewe, Baba." Nikalirudia. Nje walikuwa wakigongomea misumari kwenye jeneza, nami sikuisikia vizuri sauti yangu mwenyewe.

Tukamzika saa sita mchana.

Bado nasali asubuhi na jioni, kwa sababu sijui kuishi bila kusali. Lakini siombi kitu. Napiga magoti, namtaja Baba, nakaa hapo mpaka miguu ife ganzi, kisha nainuka.

Mwezi wa Novemba Nassibu alipata mkanda mpya kwa baharia mmoja, Kasmir akaufunga. Kila asubuhi gari lile hupita chini ya dirisha letu. Scholastika huniambia, "Nassibu ameshaondoka." Mimi huwa sisikii kitu.