Barafu ya Mzee Masatu

Siku tatu Dafroza alichora ramani ya idara ya jenetiki, na siku tatu ramani ilimtukana. Kila mtafiti alikuwa nukta. Walioandika makala pamoja aliwaunganisha kwa mstari. Watu wa ng'ombe wakakaa huku, watu wa samaki kule, katikati peupe kama sahani ya mchoyo. Jumatatu wakubwa wa chuo wangeitazama. Wakiona hakuna ushirikiano, idara ingevunjwa, na utafiti wake wa samaki aina ya sato ungezikwa nayo.

Ndipo akasoma pale pasiposomwa na mtu: shukrani za mwisho wa makala. Watu wa ng'ombe, "tunamshukuru Masatu." Watu wa samaki, Masatu. Makala kumi na tisa, Masatu!

Akatoka Musoma mpaka Bunda, akamkuta Masatu mtaani Nyasura anapalilia mchicha. Alikuwa mtunza maabara, sasa mstaafu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kama umefuata ile friji, ilikufa yenyewe."

"Nimefuata shukrani. Uliwafanyia nini hawa wote?"

Mzee akaegemea jembe. "Mimi nilikuwaga na funguo za barafu. Felisian akija na damu ya ng'ombe kutoka Butiama, jua linawaka, namwambia: barafu ipo, ila kwanza mpelekee Hyasinta wa samaki vichupa vyake. Hyasinta akija, namtuma kwa Felisian. Wakikutana, wanaanza kuulizana. Na barafu yangu ilikuwa kali, binti! Bodaboda aliyebeba sanduku alifika Butiama masharubu yameganda, ng'ombe wakatoa maziwa baridi wiki nzima."

"Babu, huo uongo."

"Wa masharubu, sawa. Wa vichupa, kaulize."

Akampigia Hyasinta palepale. Hyasinta akacheka mpaka akakohoa. "Yule mzee! Mashine tunayosomea vinasaba vya sato ni ya Felisian. Alituazima siku nilipompelekea vichupa."

Jumatatu katikati ya ramani palikuwa na nukta moja nene, mistari ikitoka pande zote.

"Huyu profesa gani?" mkubwa mmoja akauliza.

Felisian na Hyasinta wakasimama pamoja. "Wa barafu!" Wakaeleza yote, na idara ikabaki nzima.

Jumamosi Dafroza akarudi Nyasura na ramani, na sato wawili ndani ya sanduku la barafu. Mzee akatafuta jina lake, akaligusa kwa kidole chenye udongo. Kisha akafunika sanduku.

"Asante, mjukuu wangu. Chai ipo. Ila kwanza mpelekee jirani sato mmoja."