Shamba Lililoingia kwa Kinyozi

Kinyozi alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa cha mteja shamba la dada yake lilipoingia dukani. Lilipita chini ya mlango pamoja na maji ya mvua, likajitandaza sakafuni mpaka kwenye miguu ya kiti, mahindi yake yamesimama wima na matuta hayajabomoka. Kinyozi aliinua waya wa mashine usilowe, akahamia upande wa pili.

Mama yake aliita kutoka chumba cha ndani, nyuma ya pazia.

"Baba, ni maji au ni shamba?"

"Ni vyote, mama. Shamba ni la dada."

"Basi mwambie aje apalilie. Magugu yote hayo, haoni aibu?"

Mama alikuwa amepandisha miguu kitandani. Mafuriko ya mwaka uliopita yalifika kwenye godoro lake, lakini alikataa katakata kuhama. Alisema atalala pakavu, na atalala papo hapo. Tangu hapo kinyozi hakuwa na ndoto nyingine maishani ila mama yake alale amenyoosha miguu.

Asubuhi dada aliteremka kutoka mlimani na jembe begani, akasalimia wateja, akaanza kupalilia kati ya viti.

"Sogeza mguu kidogo, shemeji," alimwambia mwalimu mwenye povu mashavuni.

"Dada, shamba lako kila mvua liko kwangu," kinyozi alisema.

"Kipande tu! Mdogo wangu, umekuwa mchoyo hivyo?"

"Si uchoyo. Mama halali."

Dada aliegemea jembe, akatazama pazia.

Bibi shamba, afisa kilimo wa mtaa, alipopata habari alikuja mbio, viatu vyake vya mpira vikipiga kofi njia nzima. Alikuwa na miti mitatu ya kupimia mteremko, iliyofungwa kama herufi A, na jiwe likining'inia kwa uzi katikati. Aliisimamisha juu ya matuta, baina ya kioo na beseni, akasubiri jiwe litulie.

"Matuta yako yanashuka na mteremko, dada. Umeyatengenezea maji barabara."

"Baba yetu alilima hivyohivyo, ili maji yasisimame yakaozesha mizizi."

"Na kweli hayasimami. Yanakuja huku kwa mama."

Waliyageuza matuta hapohapo, yakakaa yamekingama kwenye mteremko, mteja mmoja akishika uzi kwa mkono na taulo kwa meno. Jioni mvua ilinyesha tena. Maji yaliingia chini ya mlango, yakakuta tuta la kwanza, yakatafuta njia kulia, yakatafuta kushoto, kisha yakatulia na kuzama ardhini.

"Yamekaa!" kinyozi alipiga kelele. "Jamani, maji yamekaa!"

Mtaa mzima ulijaa mlangoni. Watu walikanyaga mahindi bila kuyatazama, wakasukumana kuliona tuta. Fundi viatu aliomba alishike.

Wiki hiyo duka lilifungwa, na mtaa wote ukapanda mlimani. Kipande cha shamba walikipandisha kwa toroli, wakakipachika kwenye pengo lake, nacho kikakaa sawasawa. Walipima kwa miti ya bibi shamba, wakageuza matuta yote, wakapanda majani kingoni na miche kando ya mto unaoshuka mpaka mtaani. Dada aliwasimamia kama jemadari. Fundi viatu alisema hajawahi kufokewa hivyo hata na mkewe, akaomba jembe la pili.

Mvua kubwa ilipokuja, mto ulichelewa. Ulifika polepole, ukapita chini ya daraja bila kugusa mlango wa mtu. Mama alinyoosha miguu. Barabarani watu walirukaruka wakikumbatiana, na bibi shamba alilia huku akicheka, akijifuta kwa mkono wenye tope.

Mvua iliyofuata ilileta ardhi ya juu zaidi. Ilikuwa ya tajiri wa mbao, aliyeukata msitu wote uliokuwa juu ya shamba la dada. Iliingia dukani na visiki vyake, na kibao cha kukataza watu kuingia, na mlinzi amesimama kando yake. Ilijaa mpaka chumba cha ndani.

Kinyozi, dada na bibi shamba walifika mlangoni na miche mikononi.

"Tunaomba tupite, kaka," kinyozi alisema. "Tupande tu."

"Ruhusa hutolewa na bosi."

"Yuko wapi?"

"Amehamia mji mwingine. Anasema huku kuna mafuriko."

Nyuma ya mlinzi maji yalikuwa yakishuka baina ya visiki, yakiongeza kasi.

"Wewe kijana," mama aliita, "utalowa. Njoo upandishe miguu."

Mlinzi alivua viatu, akavipanga juu ya kisiki, akakaa kitandani kando ya mama, miguu juu, macho kwenye mlango asije mtu akaingia.