Saini ya Pili

Stoo ya vifaa vya upimaji ilikuwa na sheria moja ambayo hata mkuu wa chuo asingethubutu kuivunja: darubini haitoki bila saini mbili. Kupima ardhi ni kazi ya watu wawili, hakuna ujanja. Mmoja anachungulia kwenye darubini iliyosimama juu ya miguu yake mitatu, mwingine anakwenda mbele hatua hamsini na kusimama ameshika fimbo ndefu yenye namba. Anayechungulia anasoma, anaandika, wanahama. Ndiyo maana wiki ya kwanza kabisa darasa zima hujigawa wawili wawili, na wengi hubaki hivyo hivyo mpaka siku ya kuvaa majoho.

Darasa la Twiga lilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja. Piga hesabu mwenyewe.

Jina la Twiga alipewa na wavulana siku ya pili tu, kwa sababu ya urefu wake. Alicheka nao. Jina likabaki, wavulana wakaenda zao. Siku ya kugawana alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, au ndivyo alivyojiambia baadaye, ingawa kamba ya kiatu haichukui dakika kumi. Alipoinuka, kila mtu alikuwa na wake. Mwalimu akamwambia achague kundi lolote awe wa tatu. Twiga akasema sawa, wala hakuchagua. Kwenda kusimama mbele ya watu wawili wanaocheka na kuwaambia "naomba niwe wa tatu" kulimshinda kabisa.

Alipofika kwenye dirisha la stoo, mtunza stoo, mzee mwenye redio ndogo na hasira za karibu, alimsukumia daftari. "Saini mbili. Mwenzako yuko wapi?"

"Yuko nje, anaangalia mabegi."

Akaandika jina lake, na kwenye mstari wa pili akaandika jina la kwanza lililomjia kichwani, nalo lilikuwa la mama yake. Mzee hakuinua macho.

Basi akawa anapima peke yake. Fimbo aliifunga kwa kamba kwenye mti, kwenye nguzo ya uzio, popote pale, akaning'iniza jiwe kwa uzi pembeni ili ahakikishe imesimama wima, kisha akakimbia kurudi kwenye darubini, akasoma, akakimbia tena kuifungua. Aliyemwona kwa mbali angedhani anafukuzwa na nyuki. Kazi ya saa moja ilimchukua saa tatu. Lakini alama zake zilikuwa za juu kuliko za wote. Mtu asiye na wa kupiga naye soga atafanya nini kingine zaidi ya kusoma?

Kwa simu mambo yalikuwa mazuri. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na alizoea kuongea simu ikiwa mezani, pini zikiwa mdomoni. "Na yule mwenzako hajambo?" angeuliza kila Jumamosi. "Mzima, mama. Anakusalimu." Twiga angeeleza mwenzake alivyoteleza kwenye tope na fimbo mkononi, mwenzake asivyoweza kuamka asubuhi, mwenzake alivyomchekesha maktaba wakafukuzwa. Wacha we, alikuwa rafiki wa kutamanika. Simu ikikatika, chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba alisikia bomba la jirani likidondosha maji.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda kwa miaka mitatu, mpaka idara ilipopata mkuu mpya, mtu wa kupekua madaftari, ingawa majina ya wanafunzi alikuwa bado hajayazoea. Wiki moja kabla wanafunzi wapya hawajafika, alimwita Twiga ofisini.

"Nimepitia daftari la stoo," alisema kwa furaha. "Wengine wamegombana, wamebadilishana, wamesusiana. Ninyi wawili tu ndio wenye saini zile zile mwaka hadi mwaka. Ijumaa ijayo, wanafunzi wapya wakishafika, mtawaambia jinsi ya kuishi na watu chuoni. Wewe na mwenzako."

Kazi ya mwisho ya Twiga, vituo ishirini vya kilima kilicho nyuma ya mabweni, ilikuwa mezani pale pale mbele ya mkuu, na juu ya jalada kulikuwa na saini mbili. Saini ya uongo ikijulikana, kazi inatupwa, na asiye na kazi ya mwisho hahitimu. Hapo ndipo pa kusema ukweli. Twiga akasema sawa.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mbele palikuwa na viti viwili na chupa mbili za maji. Mkuu aliangalia saa yake. "Mwenzako anachelewa?"

"Anakuja," alisema Twiga, akasimama na karatasi yake.

Akasoma. Pangeni ratiba na muifuate. Ijueni maktaba kabla ya mitihani, siyo usiku wa kuamkia mtihani. Msiogope kumwuliza mwalimu, hang'ati. Vijana walicheka kidogo, kwa adabu. Nasaha ya nne ilikuwa inahusu marafiki, na alikuwa ameiandika vizuri kuliko zote. Aliinua uso ili aisome kwa madaha, ndipo akamwona msichana wa mstari wa nyuma kabisa.

Msichana alikuwa ameweka begi kwenye kiti cha pembeni yake, na kila baada ya muda aliutazama mlango, kama mtu anayemngojea mwenzake. Hakuna aliyekuwa anakuja. Twiga aliujua mchezo ule. Alikuwa ameucheza kantini, maktaba, kwenye kila chumba cha mihadhara, na anajua hata namna ya kukunja uso kidogo ili ionekane huyo anayengojewa ni mchelewaji kwa tabia.

Akaikunja karatasi.

"Mwenzangu haji," alisema. "Hayupo. Kwenye daftari nimesaini mimi zote mbili."

Mkuu akageuka. Twiga akaona akinyamaza hapo hatasema tena maisha yake yote, kwa hiyo akaendelea haraka haraka. "Nilikosa mtu wiki ya kwanza. Wiki ya pili niliona haya kuomba. Ya tatu nikaona nimeshachelewa. Mwaka wa pili nikajiambia mimi ndivyo nilivyo, napenda kuwa peke yangu. Siyo kweli. Sipendi. Hata kidogo sipendi. Ombeni wiki ya pili. Haya yake ni ya siku moja tu. Sina nasaha nyingine."

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi, na wala usiwalaumu, nani angejua kama hapo panapigwa makofi? Vijana walitoka wakinong'onezana. Msichana wa nyuma alichukua begi lake akatoka nao, kichwa chini.

Mkuu alibaki. Hakuwa mtu mbaya, ila uso ulikuwa umemshuka. "Kazi yako ya mwisho siwezi kuipokea," alisema. "Irudie. Nataka iwe mezani Jumatano, na uifanye na mtu, mtu wa kweli."

"Awe wa darasa letu?"

"Anayeshika fimbo hahitaji shahada. Anatakiwa asimame wima tu."

Jumamosi asubuhi Twiga alikwenda hadi mlangoni pa wasichana wawili wa darasa lake. Ndani walikuwa wanacheka. Aliinua mkono abishe hodi, akausimamisha hewani, kisha akaushusha, akarudi chumbani kwake. Kusema mbele ya ukumbi mzima aliweza, kubisha mlango mmoja kukamshinda. Binadamu ana mambo.

Mchana akapiga simu nyumbani.

"Na yule mwenzako hajambo?" mama aliuliza, cherehani ikilia.

"Mama, hayupo. Hajawahi kuwepo."

Cherehani ilinyamaza. Twiga akasikia pini zikitemwa, moja moja, kwenye kisahani.

"Najua, mwanangu."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mwaka ule wa kwanza. Mtu gani huyo haugui hata mafua? Kila nikiuliza, mzima, anakusalimu. Nikasema moyoni, huyu ameshonwa na mwanangu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungeacha kupiga. Ukinieleza habari zako, dakika mbili umemaliza. Ukinieleza habari zake, ulikuwa unaongea mpaka unacheka. Ningekunyang'anya vipi?"

Twiga alilia hapo, wazi wazi, bila kuziba mdomo. Mama alimngoja. Kisha akaelezwa yote, daftari, kilima na Jumatano.

"Na hiyo saini ya pili ulikuwa unaandika jina la nani?"

"Lako."

"Basi Jumanne nakuja. Mtu nimeandikwa kazini miaka mitatu, sijatokea hata siku moja."

Jumanne asubuhi alishuka kwenye basi na viatu vya raba vya kuazima, moja kwa moja hadi stoo. Akaandika jina lake kwenye mstari wa pili, herufi moja moja, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Mzee aliitazama saini, akafunua kurasa za nyuma, akarudi.

"Imebadilika," alisema.

"Mwenye mkono alikuwa hajafika," alijibu mama.

"Naam. Niliambiwa uko nje, unaangalia mabegi."

"Nilikawia kidogo."

Mzee akazima redio na kwenda kuleta darubini mwenyewe.

Mama alishika fimbo kama askari wa gwaride. Kwa mara ya kwanza Twiga hakukimbia popote. Alichungulia tu, na kwenye kioo akaviona vidole vya mama, vyenye makovu ya sindano, vikiwa vimeikumbatia fimbo kwenye zile namba. Akaandika, wakahama. Lakini basi la kurudi lilikuwa saa tisa, na nguo za watu zilikuwa zinamngoja fundi. Saa nane vituo vitano vilikuwa bado.

Kwenye kituo cha kumi na sita Twiga aliweka jicho kwenye kioo na kukuta mdomo wa mama unacheza. Alikuwa anamwita mtu. Kwa hatua hamsini hakusikika neno, ila Twiga aliona kiganja kikipunga, kile cha akina mama wote, njoo hapa. Kwenye njia ya mabweni alikuwa anapita yule msichana wa mstari wa nyuma, na begi lake, peke yake. Msichana alijionyesha kidole kifuani, mimi? Mama akaitikia kwa kichwa, ndiyo, wewe. Msichana akaja. Mama akamwekea mikono juu ya fimbo, akamnyoosha mabega, akamwonyesha Twiga kule darubini ilipo.

Yote hayo hayakuchukua hata dakika moja. Twiga aliondoa jicho kwenye kioo, akasimama pale, akaihesabu miaka mitatu, na ikamuuma kuliko siku zote alizokimbia na kamba.

Mama aliwahi basi. Vituo vilivyobaki walivimaliza wawili wale karibu bila kusema, kwa sababu wote wawili hawakujua pa kuanzia. Waliporudisha vifaa, mzee alitaka saini mbili za kurudishia, na msichana akaandika jina lake mwenyewe.

"Darasa letu tuko arobaini na saba," alisema, bila kumtazama Twiga.

"Nilijua umebaki mmoja," alisema Twiga. "Wiki hii ndiyo ya pili?"

"Ya kwanza bado."

Jumatano kazi ilikuwa mezani kwa mkuu, naye akaipokea. Jumamosi iliyofuata Twiga alipiga simu nyumbani kama kawaida, na cherehani ilikuwa inalia kama kawaida.

"Na yule mwenzako hajambo?" mama aliuliza.

"Ana mafua," alisema Twiga. "Tangu juzi."

Cherehani ikanyamaza. Kisha mama akataka kujua anatumia dawa gani.