Rangi Iliyonuka Oili

Msimu wa kupandisha ulipoisha, mwenye zizi alimtoa Babu, kondoo wake dume mzee, kwa majike, akambana kwenye kizizi chembamba pamoja na dume la mdogo wake. Madume waliotengana wakikutana hupigana vichwa hata kuuana. Wakibanwa siku mbili, wakakosa nafasi ya kurudi nyuma na kuchukua kasi, huzoeana.

Babu alikuwa kondoo dume wa mwisho wa uzao alioacha marehemu baba yao. Miaka mitatu mfululizo alizalisha majike matupu. Mwaka huu mwenye zizi alitaka kitu kimoja tu: dume la kumrithi Babu kabla hajafa.

Akaenda kukagua majike. Kila mmoja alikuwa na rangi nyekundu kiunoni, ile anayopakwa dume kifuani ili aliyepandwa ajulikane. Akafurahi. Akasugua alama moja kwa kidole, haikutoka. Akanusa. Oili ya gari.

Yeye huchanganya rangi na mafuta ya kupikia, maana oili huharibu sufi. Aliyekuwa akimbishia siku zote kwamba oili hushika zaidi ni mdogo wake, fundi magari, ambaye ndiye aliyeachiwa zizi wiki tatu wakati kaka mtu akimuuguza mama yao hospitali. Akanusa wa pili, wa kumi, wote ishirini na sita. Akarudi kwa Babu. Rangi ya kifuani ilikuwa nzito kama siku ya kwanza.

Mdogo mtu hakukana kwamba aliwaingizia majike dume lake. Alisema Babu alikuwa akizungukazunguka tu kama mgeni aliyekosea nyumba ya harusi.

"Kaka, mzee amekwisha. Nilikufichia aibu."

"Ufunguo wa geti la majike sikukuachia wewe. Alikupa nani?"

Mdogo mtu akatazama jikoni. Mke wa mwenye zizi alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi. Akasema walikubaliana wanyamaze, pengine asingegundua.

"Kwa hiyo ningemlea mtoto wa dume lake nikimwita mrithi wa Babu, na nyinyi mnanitazama tu."

Akamwambia mdogo wake majike wakianza kuzaa aje akeshe nao mwenyewe, wajukuu ni wake. Mkewe akauliza taratibu kama amletee chai.

"Muulize shemeji yako," akasema. "Mambo ya hapa mnapanga nyinyi."