Daraja Lililong'oka na Watu Ndani

Siku ya pili ya mvua, maji yalikuwa yameanza kugusa sakafu ya daraja la Tarbell. Ilikuwa Novemba 1927, huku kwetu Vermont, Marekani, na daraja lile la mbao, lenye kuta na paa kama nyumba, ndilo lililokuwa fahari ya kijiji. Wageni walikuja kulipiga picha. Sisi tulilipenda bila kulitazama.

Mzee Lyndon Tarbell alikuwa ndani akilijaza mawe. Babu yake ndiye aliyelijenga, naye mzee aliamini likiwa zito halitang'oka. Orpha, mjane wa mwanawe, alimfuata ili amtoe.

"Baba, toka. Harlan anasema bwawa la juu limepasuka."

"Harlan huyo huyo aliyesema ng'ombe wake atazaa mapacha?"

"Baba, nakuomba."

"Nipe jiwe hilo, au nipishe."

Orpha akampa. Baadaye alituambia hakujua kwa nini. Pengine mikono ilitaka kazi. Chini ya miguu yao magogo yalikuwa yakigonga sakafu, moja baada ya jingine.

Kisha sakafu ikanyanyuka, taratibu, bila kuvunjika. Orpha aligeukia mlangoni. Barabara haikuwepo tena. Palikuwa na maji ya kahawia, na ghala la mtu likipita.

"Tumeondoka," mzee alisema, kwa sauti ndogo ambayo Orpha hakuwahi kuisikia kwake.

Maji yakaingia. Yakafika magotini, yakafika kiunoni.

"Panda kwenye boriti!"

"Magoti yangu, binti…"

"Panda, mzee mkaidi wewe, au nikuvute kwa hizo ndevu!"

Miaka tisa ya kuishi nyumba moja hakuwahi kumjibu hata neno moja la ukali. Alimsukuma kwa bega, akapanda nyuma yake, akapiga paa kwa kisigino mpaka likatoboka. Akachungulia. Mbele yao, kwenye kona, lilikuwa daraja la chuma la reli.

"Unaona nini?" mzee aliuliza.

"Sioni kitu."

Meno yake yaligongana. Alijikojolea, alituambia hivyo bila aibu, na akahisi lile joto la kitambo kidogo kwenye maji ya barafu. Akashika koti la mzee kwa mikono miwili, akafumba macho, akaanza kuhesabu. Alifika kumi na saba.

Mshindo ukawarusha. Lakini haukuwa wa chuma. Mto ulikuwa umefurika hadi malishoni kwa Harlan, ukalisukuma daraja huko, likakwama katikati ya miti mikubwa. Walikaa kwenye boriti kwa saa mbili, mpaka Harlan alipowafikia kwa mtumbwi na kamba.

Katika kungoja huko mzee alilia. "Ningekuua," alisema.

"Ndiyo, Baba. Ungeniua."

Hakumwambia neno la kumfariji, wala mzee hakuliomba.

Mwaka uliofuata tulilibomoa ubao kwa ubao, tukalirudisha mahali pake. Siku ya kulifungua, matarumbeta yakilia, Lyndon alimpa Orpha mkono wavuke wa kwanza. Orpha aliweka mguu mmoja ndani, akasikia maji chini, akaurudisha.

"Wewe nenda, Baba. Mimi siwezi."

Watu wote walikuwa wakitazama. Mzee alivua kofia, akawaashiria wengine watangulie, akabaki amesimama naye barabarani.