Nusu ya Pili ya Trilobiti

Saa nne kasoro robo asubuhi, mwezi wa Julai, kwenye kilima kimoja cha Yunnan, trilobiti, mnyama wa bahari wa kale aliyegeuka jiwe, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, alionekana juu ya bamba la jiwe, chini ya ukuta wa machimbo. Aliyemwona ni Pu Yulan, aliyekuwa akipasua mawe hapo kwa mwaka wa kumi na tisa sasa.

"Daktari! Njoo umsalimie babu yako."

Daktari Shangguan, mtaalamu wa visukuku, akaja na kioo cha kukuzia, akainama. "Trilobiti kweli. Umemtoa wapi?"

"Hapo, mguuni pa tabaka la saba."

"Haiwezekani. Kilima hiki trilobiti wanaanza tabaka la nane. Huyu ameanguka kutoka juu, shangazi."

"Kaanguka? Alikuwa amelewa?"

He Guifen, wifi yake Yulan, aliyekuwa akichoma viazi kando, alicheka hadi kiazi kikamponyoka motoni.

Kati ya saba na nane pana unene wa kiganja tu. Kwa hesabu ya Daktari, ni miaka laki mbili. Na bamba halikuwa na alama. Sheria ya machimbo ni moja: kabla ya nyundo, ubavu wa jiwe huchorwa mshale wa kuelekea juu na namba ya tabaka, mara mbili, ili kila nusu ibaki na yake. Lisilo na mshale huingia gunia la mayatima, halihesabiwi. Kitabuni huandikwa anayemwona mnyama wa kwanza katika tabaka lake. Yulan alikwisha kuona wa pili, wa tatu na wa elfu moja; wa kwanza, bado.

"Jana nani alipasua la saba?" aliuliza Yulan.

"Mimi," alisema Daktari. "Mvua ilikuwa inanyesha. Mawe yote yalikuwa matupu."

"Matupu, au yamejaa tope?"

Kisukuku kikipasuliwa huacha nusu mbili, mwili huku, chapa yake kule. Yulan akaliendea rundo la mawe yaliyotupwa, akaanza kuyapangusa moja moja.

"Wifi, utaolewa na mawe sasa!" Guifen alimpigia kelele. "Viazi vinapoa."

"Vyako hata vya moto haviliki."

Saa nane na nusu Daktari naye alivua kofia, akachukua brashi. Saa tisa kasoro dakika tano Yulan alipangusa bamba lenye shimo dogo kama ukucha. Akaliweka juu ya lile la asubuhi. Yakafungana kama kopo na kifuniko. Ubavuni mwa hili la rundoni palikuwa na mshale, namba saba, na neno "tupu".

"Mwandiko wa nani huu, Daktari?"

"Wangu."

"Na mshale wa pili?"

"Nilisahau."

Saa tisa na dakika kumi Daktari aliushusha mstari wa mwanzo wa trilobiti kwenye chati yake hadi tabaka la saba. Kitabuni, penye aliyeona, aliandika: Pu Yulan.

"Andika na aliyelitupa bamba," alisema Yulan.

Akaandika.