Kizibao cha Mfagiaji

Jumapili ya pili ya Januari, baiskeli thelathini ziliondoka bustani ya Valentino kufuata mto Po, na Ermete alikuwa nyuma ya zote, kifua mbele. Ludovica, kiongozi mpya wa msafara, alikuwa amemvisha kizibao cha mfagiaji mbele ya watu. Mfagiaji hampiti mtu. Anayepasukiwa na tairi, husimama naye mpaka atengenezewe. Kazi hiyo hapewi mtu legelege. Tangu aanguke kwenye barafu mwaka jana, Ermete alikuwa akiogopa kuambiwa abaki nyumbani, na badala yake kapewa heshima. Kwa nini asivimbe kichwa?

Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Walipopita daraja la kwanza, alisikia baiskeli nyuma yake. Aligeuka. Alikuwa Tiziano, fundi simu mwenye mapaja kama magogo, anajikokota.

"We kijana, hukunywa chai? Pita mbele, huku nyuma ni kwangu."

"Mnyororo unanisumbua, mzee. Tangulia tu."

"Mfagiaji hatangulii. Hebu niuone."

Alishuka, akazungusha pedali kwa mkono. Mnyororo ulikuwa safi, umetiwa mafuta asubuhi ile ile. Ermete alimtazama usoni. Tiziano akautazama mto.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna mtu ali..."

"Usinifanye mtoto."

"Ludovica. Kasema nikae nyuma yako, usije ukaanguka peke yako. Na ukivaa kizibao hutashtuka. Nisamehe, mzee wangu. Tuliona ndiyo adabu."

Hila hiyo Ermete aliijua vizuri, maana aliitunga yeye. Miaka kumi na miwili nyuma, akiwa kiongozi, alimvisha mzee Gualtiero kizibao hicho hicho, akamwekea mtu nyuma, kisha akaenda kujisifu kwa mkewe kwamba ametenda wema. Mkuki kwa nguruwe! Siku ile Gualtiero alifika wa mwisho, akapigiwa makofi kama ilivyo desturi, akanywa divai yake ya moto, akamshukuru kila mtu kwa jina. Januari iliyofuata hakuja. Wenzake wakasema ni magoti.

"Twende, mzee. Wanatungoja."

Waliwakuta wenzao wamejipanga kando ya mto, vikombe mkononi, mvuke ukiwafuka vinywani. Makofi yakalipuka, tena ya furaha ya kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angekuta dhihaka, angejua la kujibu.

"Mfagiaji wetu!" Ludovica alipaza sauti, akampa kikombe.

Ermete alikipokea, akatabasamu. Akaanza kuwashukuru, mmoja mmoja, kwa majina yao. Alipofika jina la tatu, ndipo alipotambua kwamba Gualtiero naye alijua.